Kitufe cha kufuta kinaandika ^?: maelezo rasmi ya terminali yako wapi, na yanasomwaje

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma, nimepanga Ng'ong'ona, na sasa hivi niko fildi kwenye ofisi moja mjini. Naingia kwenye seva yao ya Linux kwa SSH kutoka kwenye laptopu yangu, na mambo matatu yananitesa. Nikiwa ndani ya programu yao ya zamani ya hifadhidata, kitufe cha kufuta kinaandika ^? badala ya kufuta, ingawa nikitoka nje ya programu hiyo kinafuta vizuri. Nikiita top, inanijibu kwamba xterm-kitty ni aina ya terminali isiyojulikana. Na juzi skrini iliganda kabisa, nikawa naandika hakuna kinachotokea, mpaka nikafunga dirisha na kuanza upya. Nimeuliza watu, nimetazama video, kila mmoja ana dawa yake na dawa zenyewe hazifanani, na bando limekwisha. Sitaki dawa nyingine. Nataka kujua maelezo rasmi ya mambo haya yako wapi na yanasomwaje, maana nilifungua man stty, yaani mwongozo wa amri ya stty, nikakuta vifupisho vitupu, nikafunga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa bando, na hongera kwa swali. Wengi hapa mjini wananiuliza "niandike amri gani", wachache sana wanauliza "imeandikwa wapi". Nitakujibu kwa urefu.

Maelezo unayoyatafuta yamo ndani ya diski ya laptopu yako, na mengine yamo ndani ya seva hiyohiyo inayokusumbua. Huhitaji bando kuyasoma. Kinachowachosha watu ni kutafuta kitabu kimoja cha terminali, na kitabu hicho hakipo, kwa sababu lile dirisha jeusi unaloliona kama kitu kimoja ni kazi ya watu wanne tofauti, na kila mmoja ameandika mwongozo wake. Ukishajua tatizo lako ni la nani kati yao, umeshajua ukurasa wa kufungua. Ndiyo maana zile dawa hazifanani: mmoja anatibu dirisha, mwingine anatibu kerneli, yaani kiini cha mfumo, na wewe hujui unaumwa wapi.

Tufuate safari ya kitufe kimoja. Unabonyeza kitufe cha kufuta. Wa kwanza kukipokea ni programu ya dirisha, kwako wewe ni kitty, na yeye ndiye anayeamua kitufe hicho kitume baiti gani: 127 au 8. SSH inaibeba baiti mpaka kwenye seva. Huko inapokelewa na kerneli, ile sehemu yake inayoitwa tty, ambayo ina orodha ya baiti zenye maana maalumu: hii inafuta, hii inakatiza programu, hii inasimamisha maandishi. Baiti yako ikilingana na ile ya kufuta, kerneli inafuta herufi ya mwisho ya mstari kabla programu haijaona chochote. Isipolingana, inapita kama herufi ya kawaida. Wa tatu ni programu yenyewe, ambayo inaweza kuwa imeiambia kerneli "usinisaidie, niletee kila baiti mbichi", kisha ikafanya kazi hiyo yenyewe. Na programu ikitaka kuchora skrini, kufuta yote au kuhamisha kishale, inakwenda kwa wa nne: hazina ya maelezo ya aina za terminali, inayoitwa terminfo, na inatafuta humo jina lililowekwa kwenye TERM, kigezo kinachobeba jina la aina ya terminali yako.

Sasa tazama maelezo uliyonipa mwenyewe. Nje ya ile programu kitufe kinafuta, ndani yake hakifuti. Dirisha ni lilelile, kitufe ni kilekile, baiti ni ileile. Kilichobadilika ni nani anayefanya kazi ya kufuta. Ukiwa kwenye bash, programu inayopokea amri zako, anayefuta ni bash mwenyewe kupitia maktaba inayoitwa readline, na readline imezoea kuzikubali baiti zote mbili, 8 na 127, kama amri ya kufuta. Programu ya zamani ya hifadhidata haina readline, inaitegemea kerneli. Kwa hiyo mwenye kosa ni kerneli ya seva, au tuseme mpangilio wake, na mwongozo wake ni stty. Hujaandika amri hata moja bado, na umeshavuka miongozo mitatu isiyokuhusu.

Ingia kwenye seva, andika hivi:

stty -a

Utapata kitu cha namna hii, nakipunguza kidogo:

speed 38400 baud; rows 24; columns 80; line = 0;
intr = ^C; quit = ^\; erase = ^H; kill = ^U; eof = ^D; start = ^Q; stop = ^S; susp = ^Z; lnext = ^V;
-parenb -parodd cs8 hupcl -cstopb cread
-ignbrk -brkint icrnl ixon -ixoff
isig icanon iexten echo echoe echok echoctl

Tukae hapa, maana hapa ndipo ulipokata tamaa. Mstari wa kwanza unataja kasi ya 38400. Usiujali, kwenye terminali ya SSH hakuna waya wenye kasi hiyo, ni namba iliyobaki kutoka enzi za waya. Mstari wa pili ndio wenye ugonjwa wako: erase = ^H. Kerneli inasubiri ^H ili ifute, dirisha lako linatuma ^?. Mistari inayofuata ni swichi, na kanuni yake ni moja tu: jina tupu maana yake swichi imewashwa, jina lenye alama ya kutoa mbele yake maana yake imezimwa. ixon imewashwa, -ixoff imezimwa. Mwongozo unalisema hilo katika sentensi moja fupi ambayo watu wanairuka: alama ya kutoa mbele ya jina ni kukanusha. Unasema pia kwamba jina lenye nyota halimo kwenye POSIX, kile kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, yaani usilitegemee kwenye mfumo mwingine. Sentensi mbili hizo ndizo ufunguo wa ukurasa mzima.

Kikwazo kingine ni namna ya kuandika baiti, na hapa walimu wengi tunakosea kwa kudhani mwanafunzi anajua. Kofia mbele ya herufi maana yake: chukua namba ya herufi hiyo katika ASCII, toa 64. H ni 72, hivyo ^H ni 8. C ni 67, hivyo ^C ni 3. Mabano ya mraba yanayofungua ni 91, hivyo ^[ ni 27, yaani Escape. Alama ya kuuliza pekee ndiyo inayokwenda upande wa pili: yenyewe ni 63, unaongeza 64, unapata 127. Miongozo mingine itakuandikia baiti hiyohiyo \177, ambayo ni 127 kwa hesabu ya msingi wa nane, na mingine 0x7f, kwa msingi wa kumi na sita. Vivyo hivyo ^[ na \E na \033 na 0x1b ni Escape moja. Andika jedwali hilo dogo kwenye jalada la daftari lako. Nimeona vijana hodari wakisoma kurasa tatu zinazosema kitu kimoja na kuamini zinapingana, kwa sababu kila ukurasa uliiandika baiti kwa mtindo wake.

Kwa nini 127 imekuwa ya kufuta? Mashine ya Teletype Model 33, ya mwaka 1963, iliweza kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, na tundu likishatobolewa halizibiki. Ukikosea herufi, ulirudisha utepe nyuma ukatoboa matundu yote ya mahali hapo, na msomaji wa utepe alijua kuparuka. Biti saba zote zikiwa moja, hiyo ni 127. Baadaye VT100 ya kampuni ya DEC, ya mwaka 1978, ilikuja na vitufe viwili, kimoja kinatuma 8 na kingine 127. Kompyuta zilizofuata zikabaki na kitufe kimoja kikubwa cha kurudi nyuma, na kila mtengenezaji akachagua baiti yake. Debian waliamua katika sera yao kwamba kitufe hicho kitume 127. Wengine hawakuamua hivyo. Ugomvi unaoupata wewe leo ndipo ulipoanzia.

Kuhakikisha dirisha lako linatuma nini, usimwamini mtu, wala mimi. Ukiwa kwenye bash bonyeza Ctrl na V kwa pamoja, achia, halafu bonyeza kitufe cha kufuta. Ctrl-V ndiyo ile lnext uliyoiona juu: inaambia mfumo uichukue baiti inayofuata kama ilivyo, bila kuitafsiri. Itatokea ^? au ^H. Kisha uipatanishe kerneli nayo:

stty erase '^?'

Nakuomba usiishie hapo, kwa sababu kuna jambo ambalo halikai sawa. SSH inapofungua kikao hubeba pia mipangilio ya terminali ya upande wako, erase ikiwemo. Hilo limeandikwa kwenye hati rasmi ya SSH, RFC 4254, sehemu ya 8, ambako kila herufi maalumu ina namba yake na erase ni namba 3. Maana yake seva ilipaswa kuanza na ^? kama laptopu yako. Ikiwa inaonyesha ^H, basi kuna mkono wa mtu. Utafute:

grep -n stty /etc/profile /etc/profile.d/* ~/.profile ~/.bash_profile ~/.bashrc

Naamini utakuta mstari mmoja wa zamani umeandikwa stty erase ^H. Nitaurudia mwishoni, usiufute bado.

Sasa namna ya kuusoma mwongozo wenyewe. Usiusome kama hadithi, kutoka juu hadi chini. Man inafunguka ndani ya programu ya less, na less inajua kutafuta: andika mkwaju, kisha neno, kwa mfano /ixon, bonyeza n kwenda panapofuata. Ukiandika & na neno, itaacha mistari yenye neno hilo peke yake, na hiyo ni zawadi kwenye kurasa ndefu. Ukurasa wa stty umegawanywa kwa makundi: herufi maalumu, mipangilio ya waya, ya kuingiza, ya kutoa, ya ndani, na mwisho ile mchanganyiko kama sane, raw na cooked, yaani iliyotulia, mbichi na iliyopikwa. Kundi la waya, lile la parenb na cs8, liruke kabisa unapotumia SSH.

Liruke, ila si siku utakaposhika kebo ya konso. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja, nje kidogo ya mji, kufufua kifaa cha mtandao kilichokuwa hakiingiliki. Nikachomeka kebo, nikafungua kikao kwa kasi ya 115200 kama ukurasa mmoja wa intaneti ulivyosema, nikapata herufi za ajabu skrini nzima. Nilihangaika nusu siku kwenye chumba kisicho na feni, nikibadilisha kebo, nikilaumu kifaa. Mwongozo wa kifaa hicho ulikuwa ndani ya boksi lake juu ya kabati, na ukurasa wake wa pili ulisema 9600, biti nane, bila pariti, biti moja ya kusimama. Ukurasa wa intaneti haukuwa na makosa. Ulikuwa unazungumzia kifaa kingine. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa maelezo yoyote ni: haya ni ya mashine ipi?

Swali hilo litakuokoa mara nyingi kwenye stty. Ile ya Linux inachagua kifaa kwa -F, herufi kubwa. Ile ya macOS na FreeBSD kwa -f, herufi ndogo. Soma kwanza mwongozo uliomo ndani ya mashine unayoirekebisha, kwa sababu umefungwa pamoja na programu ya toleo hilo.

Stty itakuambia swichi ipo, lakini kwa nini ipo na inafanya nini hasa, hilo liko kwenye termios. Hapa utakutana na namba kwenye mabano, termios(3), na inafaa uzijue. Mgawanyo huo ni wa zamani. Ulikuwepo tayari kwenye mwongozo wa kwanza wa Unix wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, wenye tarehe ya 3 Novemba 1971. Siku hizi 1 ni amri za kawaida, 2 ni miito ya kerneli, 3 ni maktaba, 4 ni vifaa, 5 ni miundo ya mafaili, 7 ni maelezo ya jumla, 8 ni kazi za msimamizi. Ukiandika man 5 terminfo unataka terminfo ya sehemu ya tano, si nyingine. Kwenye Linux termios iko sehemu ya 3. Kwenye FreeBSD na macOS iko sehemu ya 4, wao wanaihesabu kuwa ya vifaa. Ukiambiwa "haipo", jaribu bila namba kabla ya kukata tamaa.

Na kwenye Ubuntu au Debian unaweza kuambiwa haipo kwa sababu kweli haijawekwa. Sehemu za 2 na 3 ziko kwenye kifurushi kinachoitwa manpages-dev, ambacho seva nyingi hazina. Kiweke kwenye laptopu yako ukiwa na mtandao wa chuo. Ukisahau jina la ukurasa, man -k terminal itakuorodheshea kurasa zote zenye neno hilo kwenye maelezo yao mafupi. Ikisema hakuna kitu kwenye mashine mpya, endesha mandb kwa ruhusa ya msimamizi ili orodha itengenezwe. Kisha geuza zile muhimu ziwe maandishi matupu:

man termios | col -b > termios.txt

Faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Litume kwenye simu yako ulisome kwenye daladala ukija mjini, au lichapishe pale steshenari jirani na geto lako na ulichoreechoree. Mimi nakala yangu ya termios nimeichapisha, imejaa kalamu nyekundu, na bado kuna aya naelewa upya kila mwaka.

Unapolisoma, tafuta kwanza aya inayoeleza ICANON. Ndiyo kiini cha yote. Inasema kwamba ikiwashwa, kerneli inakusanya mstari mzima na kukubali marekebisho, kisha inaukabidhi kwa programu ukibonyeza Enter. Ikizimwa, programu inapewa baiti zikifika tu. Ile programu yako ya hifadhidata imeiacha ikiwa imewashwa. Bash inaizima kila inaposubiri amri yako, kisha inairudisha kabla ya kuendesha programu nyingine. Soma aya hiyo mara tatu, na mengine mengi kwenye ukurasa yataanza kujipanga yenyewe.

Tuje kwenye top. Inalalamika kwamba haijui xterm-kitty, na sasa unajua tuko kwa nani: wa nne, terminfo. Dirisha lako limejitambulisha kwa jina hilo kwenye TERM, SSH ikalibeba jina mpaka kwenye seva, na seva haina faili la jina hilo. Angalia mwenyewe, laptopu kwanza, seva baadaye:

infocmp xterm-kitty

Kwenye laptopu utapewa maelezo marefu. Kwenye seva utaambiwa haipo. Ukitaka kujua seva ina aina zipi, andika toe -a. Dawa utakayokuwa umepewa na video, nina hakika, ni kuweka export TERM=xterm kwenye .bashrc, faili ambalo bash hulisoma inapoanza. Naipinga dawa hiyo kwa nguvu zangu zote. Anayejua dirisha ni la aina gani ni dirisha lenyewe. Ukimwandikia jina kwenye .bashrc unamlazimisha kudanganya kila mahali, hata ndani ya tmux, programu ya kugawa dirisha moja, ambayo mwongozo wake unasema wazi kwamba humo TERM lazima iwe screen, tmux au kitu kilichotokana nazo. Kwa haraka ya mara moja, TERM=xterm-256color top inatosha, haibaki mahali popote. Kwa kudumu, ipelekee seva maelezo inayoyakosa:

infocmp -x xterm-kitty > kitty.ti

Nakili faili hilo hadi kwenye seva kwa scp, na huko andika:

tic -x kitty.ti

Kwa kuwa wewe si msimamizi wa seva hiyo, tic itayaweka kwenye folda ya .terminfo ndani ya nyumba yako, bila kumgusa mtu mwingine. Hayo yote yako kwenye kurasa za infocmp(1) na tic(1). Na ungeanza na mwongozo wa dirisha lenyewe, ungekuta kitty wanaeleza tatizo hilihili na wametengeneza amri ya kitten ssh inayopeleka maelezo hayo yenyewe. Mwongozo wa dirisha ndio watu wanausahau kuliko yote.

Kabla hujaondoka kwenye terminfo, nataka uone kwamba hayo maandishi yanayotisha yanasomeka. Chukua hili:

cup=\E[%i%p1%d;%p2%dH

Ni agizo la kupeleka kishale mahali fulani. \E[ unaijua, ni Escape na mabano. %i inasema ongeza moja kwenye namba mbili za kwanza, kwa sababu programu zinahesabu kuanzia sifuri na terminali inahesabu kuanzia moja. %p1 ni chukua namba ya kwanza, yaani mstari. %d ni iandike. Kisha nukta na mkato kama ilivyo, kisha %p2 chukua ya pili, yaani safu, %d iandike, na H ya kumalizia. Sasa jaribu:

tput cup 4 9 | cat -v

Utaona ^[[5;10H. Nne imekuwa tano, tisa imekuwa kumi, kama agizo lilivyosema. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, terminfo(5) inaacha kuwa ukuta. Mfuatano huohuo wenye H mwishoni utaukuta kwenye ECMA-48, ambayo toleo lake la tano ni la Juni 1991 na linapakuliwa bure. Utaukuta kwenye console_codes(4) ndani ya Linux. Na utaukuta kwenye hati ya xterm ya mifuatano ya kudhibiti, inayotunzwa na Thomas Dickey, ambaye ndiye pia anayetunza ncurses, maktaba ya kuchora skrini. Hiyo ya Dickey ndiyo ningekuambia uipakue siku ukipata mtandao wa kutosha, na baada yake sura ya 11 ya juzuu la kwanza la POSIX, ambayo The Open Group wameiweka wazi kwa kila mtu. Ni sura ya lugha ya kisheria, kavu, lakini ndiyo baba wa ukurasa wa termios.

Kuganda kwa skrini kunajibiwa na kitu ulichokwisha kukiona: stop = ^S, start = ^Q, na ixon imewashwa. Mkono uliozoea Ctrl-S ya kuhifadhi kazi uliibonyeza, na kerneli ikatii, ikasimamisha maandishi. Ingetosha Ctrl-Q. Kama humhitaji mlinzi huyo, stty -ixon inamzima. Lakini kuna kuganda kwa aina nyingine kunakofanana nako: programu inakufa vibaya na kuiacha swichi ya echo imezimwa, unaandika huoni kitu ingawa amri zinafika. Hapo bonyeza Ctrl-J, andika stty sane bila kuona, bonyeza tena Ctrl-J. Natumia Ctrl-J badala ya Enter kwa sababu huenda icrnl nayo imezimwa, na bila hiyo Enter yako haihesabiki kuwa mwisho wa mstari. Ukurasa wa tset(1), ambao ndio pia wa amri ya reset, unaeleza jambo hilohilo.

Turudi kwenye ule mstari wa stty erase ^H. Ukiukuta kwenye .bash_profile yako mwenyewe, uondoe, ni wako. Ukiukuta kwenye /etc/profile, mwendee msimamizi wa seva kwa heshima, na nenda na ushahidi: matokeo ya stty -a, matokeo ya Ctrl-V, na namba ya mstari aliyokupa grep. Mstari huo hukujiweka. Inawezekana kuna mama au mzee pale ofisini ambaye anaingia kwa PuTTY, programu ya SSH ya Windows, iliyopangwa kutuma Control-H, na mstari huo ndio unaomfanya afanye kazi zake kila siku. PuTTY ina chaguo hilo kwenye mipangilio ya kibodi, Control-H au Control-?. Muombe akae kwenye kompyuta yake, abonyeze Ctrl-V na kitufe cha kufuta, mwone kwa pamoja. Ikitokea ^H, badilisheni PuTTY yake kwanza, na mstari wa /etc/profile uondoke baada ya hapo. Mpaka siku hiyo, weka stty erase '^?' kwenye .bash_profile yako peke yako, ukiitanguliza na [ -t 0 ] && ili isilalamike pale ambapo hakuna terminali, na andika pembeni yake sababu na tarehe.